Sindano za Kichina au Vidonge? Ulinganisho kwa Wenye Kipandauso, Uso Uliopooza, Miguu ya Ganzi na Masikio Yanayovuma

Anayeumwa kipandauso kila mwezi, aliyeamka na kukuta uso umekwenda upande, mwenye ganzi ambaye nyayo zinamwaka moto usiku, na yule ambaye masikio yake yanavuma bila kukoma, wote wanne huambiwa na ndugu na jamaa neno lile lile: hospitali wamekupa vidonge tu, kajaribu sindano za Kichina. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini unayaweka kapu moja magonjwa ambayo majaribio ya kitabibu yameyatolea majibu yasiyofanana hata kidogo. Kuna ugonjwa ambao sindano zinakaa bega kwa bega na dawa, na kuna mwingine ambao kuchelewesha vidonge kwa siku chache kunaweza kumwachia mgonjwa ulemavu wa kudumu. Ndiyo maana ulinganisho huu unafuata ugonjwa mmoja mmoja.

Tiba yenyewe, akupancha, si ngeni kwetu. Timu za madaktari kutoka China zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, na leo kliniki binafsi zinazochoma sindano hizo zinapatikana Dar es Salaam na Nairobi. Kilicho kigeni kwa wengi ni namna tiba hiyo inavyojaribiwa, na bila kuijua namna hiyo, matangazo ya pande zote mbili yanaweza kumpeleka msomaji popote.

Sindano inavyopimwa

Kidonge ni rahisi kukijaribu. Kiwanda hutengeneza kidonge kingine cha rangi na ukubwa ule ule kisicho na dawa ndani, wagonjwa hugawanywa kwa kura, na si mgonjwa wala daktari anayejua nani amemeza kipi. Sindano haifichiki hivyo: mgonjwa anajua kama amechomwa, na anayemchoma anajua zaidi. Watafiti hutumia njia mbili kukabiliana na tatizo hili. Ya kwanza ni kuchoma kijuujuu mahali ambapo mafundi wa akupancha hawapahesabu kuwa sehemu ya tiba. Ya pili ni sindano ya kuigiza iliyoelezwa na mtafiti Streitberger na mwenzake mwaka 1998. Ncha yake ni butu, na ikisukumwa hurudi ndani ya mpini wake. Mgonjwa huhisi mdungo na kuiona sindano ikifupika kana kwamba imezama mwilini, huku kiringi kidogo cha plastiki chenye plasta juu yake kikiizuia isianguke.

Hata hivyo, kuigiza huko kuna nguvu yake. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa 2006, watu 270 wenye maumivu sugu ya mkono waligawanywa kwa kura kati ya sindano ya kuigiza na kidonge kitupu, na kadiri wiki zilivyopita waliopewa sindano ya kuigiza waliripoti nafuu kubwa zaidi ya maumivu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Kwa hiyo, unaposikia kwamba sindano zimeishinda dawa fulani, sehemu ya ushindi huo yaweza kutokana na kulala kitandani, kuguswa, kusikilizwa na kutarajia kupona, wala si lazima itokane na mahali sindano ilipoingia.

Uchambuzi mkubwa uliotolewa 2012, uliokusanya kumbukumbu za wagonjwa 17,922 kutoka majaribio 29 ya maumivu sugu, yakiwemo ya kichwa, mgongo, shingo, bega na magoti, unaonyesha jambo hili kwa mfano mmoja wa hesabu. Mtu aliyeanza na maumivu ya 60 katika kipimo cha 100 angeshuka hadi 43 bila sindano, hadi 35 kwa sindano za kuigiza, na hadi 30 kwa sindano za kweli. Hesabu hiyo isomwe polepole. Kati ya pointi 30 zilizopungua, 17 zilipungua kwa kupita muda na matunzo ya kawaida, 8 zilikuja na sindano za kuigiza, na 5 tu ndizo za ufundi wenyewe. Mpinzani wa akupancha hushika zile 5 na kusema ni kiini macho. Mtetezi wake hushika 13, yaani 8 na 5, na kusema inatibu. Wote wawili wanasoma jedwali moja. Mimi naona mgonjwa ana haki ya kuzihesabu zote 13, mradi asidanganywe zinatoka wapi.

Uaminifu wa wachapishaji nao upimwe kwa pande zote. Uchunguzi wa 1998 ulikuta kwamba majaribio yote ya akupancha yaliyopatikana kutoka China, Japan, Hong Kong na Taiwan yalikuwa na matokeo mazuri, jambo ambalo haliwezekani kwa tiba yoyote inayojaribiwa kwa haki. Upande wa dawa una aibu zake pia. Mwaka 2004 kampuni ya Warner-Lambert, iliyokuwa chini ya Pfizer, ilikiri kosa nchini Marekani na kukubali kulipa zaidi ya dola milioni 430 kwa kuitangaza gabapentini, dawa ya kifafa, kwa matumizi ambayo haikuidhinishwa, kipandauso kikiwa miongoni mwake. Na uchambuzi wa baadaye haukuona kwamba dawa hiyo inazuia kipandauso.

Kipandauso

Hapa ndipo ushahidi ulipo mwingi na ndipo uchaguzi ulipo wa kweli. Tunazungumzia kuzuia mashambulizi yasije, si kutuliza shambulizi lililokwisha kuanza. Kwa shambulizi lenyewe, vidonge kama ibuprofeni, aspirini au sumatriptani, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, vimejaribiwa vya kutosha, na haina maana kumpeleka mtu anayetapika na asiyeweza kutazama mwanga akasubiri zamu ya kuchomwa.

Katika kuzuia, jaribio la Ujerumani lililochapishwa 2006 ndilo linalostahili kusomwa kwanza, kwa kuwa liliziweka sindano na dawa katika uwanja mmoja. Wagonjwa 960 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: sindano za kweli, sindano za kuigiza zilizochomwa kijuujuu, na dawa za kumeza kila siku, yaani za jamii ya propranololi, flunarizini au asidi ya valproiki. Baada ya miezi sita, waliopunguziwa siku za kipandauso kwa angalau nusu walikuwa asilimia 47 katika sindano za kweli, 39 katika za kuigiza na 40 katika dawa, na tofauti hizo hazikutosha kulitangaza kundi lolote kuwa mshindi. Lipo jambo jingine katika jaribio hilo ambalo matangazo hayalitaji: wagonjwa 125 walijitoa mara tu baada ya kura, na 106 kati yao walikuwa wameangukia kundi la vidonge. Watu walikuja wakitamani sindano. Matamanio hayo yana uzito, kwani anayepata anachokitamani huripoti nafuu kwa wepesi zaidi kuliko aliyepewa asichokitaka.

Jaribio jingine la Ujerumani, la 2005, lenye wagonjwa 302, lilikuwa kali zaidi kwa mafundi wa sindano. Waliopata nafuu ya nusu walikuwa asilimia 51 kwa sindano za kweli na 53 kwa za kuigiza, ilhali waliowekwa tu katika orodha ya kungojea walikuwa 15. Uchambuzi wa 2016 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, uliojumlisha majaribio 22 yenye watu 4,985, ulikuta tofauti ndogo lakini ipo: asilimia 50 kwa sindano za kweli dhidi ya 41 kwa za kuigiza. Zilipolinganishwa na dawa za kuzuia, sindano zilikuwa mbele kidogo baada ya miezi mitatu, asilimia 57 dhidi ya 46, kisha pengo likafifia miezi sita ilipotimia, na waliochomwa sindano walisumbuliwa na maudhi machache kuliko waliomeza dawa.

Kwa mgonjwa anayechagua, basi, nguvu ya tiba zote mbili inakaribiana, na kinachoamua ni mwili wake, maisha yake na mfuko wake. Propranololi haimfai mwenye pumu. Asidi ya valproiki haimfai mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa kuwa takribani mtoto mmoja kati ya kumi waliokuwa tumboni mama akiitumia huzaliwa na kasoro za maumbile, na wengi zaidi, asilimia 30 hadi 40, huchelewa kukua kiakili. Topiramati, dawa nyingine ya kuzuia kipandauso, nayo ina hatari zake kwa mimba, na watumiaji wengine hulalamika kwamba maneno yanawapotea mdomoni. Amitriptilini, inayoanzwa kwa dozi ndogo ya usiku, huleta usingizi na kukausha mdomo, na kwa yule ambaye kipandauso chake kinaandamana na kukosa usingizi hilo la kwanza ni faida. Mwenye mojawapo ya vizuizi hivi, au aliyezijaribu dawa mbili kwa kipimo na muda unaotosha bila nafuu, ana sababu nzuri ya kwenda kwenye sindano. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, uliotolewa 2012, unasema jambo linalokaribia hilo: hadi vipindi 10 vya akupancha ndani ya wiki 5 hadi 8, pale topiramati na propranololi zinapokuwa hazifai au hazikusaidia.

Upande wa gharama, propranololi na amitriptilini ni dawa za zamani na za bei nafuu zinazopatikana hata katika hospitali za wilaya, ilhali vipindi 10 vya sindano vina nauli ya kwenda na kurudi mara 10 pamoja na ada ya kliniki, na kliniki hizo zimerundikana mijini. Mtu wa Sumbawanga au Lodwar hana haja ya kujilaumu kwa kuzikosa. Katika majaribio, propranololi aliyopewa haiko nyuma kwa kiasi cha kumfanya auze mbuzi.

Jambo moja liangaliwe kabla ya yote. Anayemeza parasetamoli au diklofenaki siku 15 au zaidi kila mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, huenda maumivu yake sasa yanaletwa na vidonge hivyo vyenyewe, na hakuna sindano wala dawa ya kuzuia itakayofanya kazi vizuri kabla hajapunguza. Na maumivu ya kichwa yenye homa, katika nchi zetu, yapimwe malaria kwanza.

Uso uliopooza upande mmoja

Hapa mizani inalala upande wa vidonge, na sababu ni saa. Jaribio la Uskoti lililochapishwa 2007 liliwachukua wagonjwa 551 waliofika ndani ya saa 72 tangu uso upooze, na baadhi yao wakapewa prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, miligramu 25 mara mbili kwa siku kwa siku 10. Baada ya miezi mitatu, asilimia 83.0 ya waliopewa prednisoloni walikuwa wamerudi sawa, dhidi ya 63.6 ya wasioipata. Baada ya miezi tisa ilikuwa 94.4 dhidi ya 81.6. Dawa ya virusi, asikloviri, haikuongeza kitu. Tazama pia kundi lililokosa dawa: wanane kati ya kumi walipona hata hivyo. Mganga yeyote, wa sindano, wa mitishamba au wa kombe, anayewatibu wagonjwa kumi wa namna hii ataona wanane wakipona mikononi mwake, naye ataamini kwa moyo safi kwamba amewaponya.

Kwa upande wa sindano, jaribio zuri zaidi ninalolijua ni la China, lililochapishwa 2013 likiwa na wagonjwa 338. Wote walipewa prednisoni, dawa ya jamii moja na prednisoloni, na wote walichomwa sindano. Tofauti ilikuwa kwamba kundi moja lilichokonolewa kwa nguvu hadi mgonjwa ahisi ganzi na uzito mahali pa sindano, ile hali Wachina waiitayo "de qi", na kundi la pili liliachwa sindano zikae tu. Miezi sita baadaye kundi la kwanza lilikuwa na uso ulio bora zaidi. Hiyo ni habari ya kuvutia, lakini halikuwepo kundi la tatu lililomeza prednisoni bila sindano, kwa hiyo jaribio hilo halimwambii mgonjwa kama angekosa kitu kwa kutokwenda kuchomwa. Linachosema waziwazi ni kwamba hata huko China, penye sindano kila mtaa, watafiti hawakuthubutu kumnyima mgonjwa dawa.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: hospitali kwanza, ndani ya siku tatu, prednisoloni ianze, na sindano zikihitajika zifuate baadaye kama nyongeza. Hospitalini daktari atamwomba mgonjwa akunje paji la uso na kufumba macho kwa nguvu. Paji likikataa kukunjamana upande ule ule uliolegea, mshipa wa fahamu wa uso ndio ulioathirika. Paji likikunjamana vizuri huku mdomo umeanguka, na hasa mkono nao ukiwa dhaifu, hofu ni kiharusi, na hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Mwenye kisukari aseme mapema, kwa sababu prednisoloni hupandisha sukari, na kipimo cha VVU kifanyike, kwani uso kupooza huweza kuwa dalili ya mapema ya maambukizi. Jicho lisilofumba lilindwe kwa matone mchana na lifungwe kwa plasta usiku. Pwani wengi husema ni upepo au kofi la jini, na siku tatu hupita wakihangaika na hilo. Anayetaka kusomewa asomewe, lakini akiwa tayari amemeza dawa.

Miguu yenye ganzi na kuwaka moto

Kwa Afrika Mashariki ugonjwa huu una historia chungu. Stavudini, iliyokuwa katika dawa za kwanza za kufubaza VVU, iliharibu mishipa ya fahamu ya miguu ya watu wengi kabla Shirika la Afya Duniani halijapendekeza, mwishoni mwa 2009, iondolewe hatua kwa hatua. Virusi vyenyewe navyo huiharibu mishipa hiyo. Lipo jaribio la Marekani la 1998 lililofanywa kwa wagonjwa kama hao 250, na ni miongoni mwa machache yaliyozijaribu akupancha na dawa ndani ya mpango mmoja: wengine walipata sindano za kweli au za kuigiza, wengine amitriptilini ya miligramu 75 kwa siku au kidonge kitupu, na wengine mchanganyiko wa vyote, kwa wiki 14. Maumivu yalipungua katika makundi yote, na hakuna tiba iliyoizidi ile ya kuigiza. Sindano za kweli zilishindwa kuzizidi za bandia, na amitriptilini, ambayo huandikwa kila siku kwa maumivu haya, ilishindwa kukizidi kidonge kitupu. Anayewauliza majirani ni ipi kati ya hizo mbili iliyo bora kwa ganzi ya VVU anauliza swali ambalo tayari lina jibu, nalo halimpendezi mtu wa upande wowote.

Kwa ganzi ya kisukari hali ni afadhali, na dawa zinaongoza. Jaribio la Uingereza la 2022 lililowafuata wagonjwa 130 lilikuta kwamba amitriptilini, duloksetini na pregabalini, kila moja ikianzwa na kuongezewa nyingine pale isipotosha, zilishusha maumivu kutoka wastani wa 6.6 hadi 3.3 katika kipimo cha 10, bila moja kuishinda nyingine. Hiyo ina maana kwamba mwenye uwezo wa kununua amitriptilini peke yake hajapewa dawa ya kimaskini. Kwa ganzi iliyoletwa na dawa za saratani, duloksetini ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 231, matokeo yakachapishwa 2013: asilimia 59 waliripoti maumivu kupungua, dhidi ya 38 kwa kidonge kitupu. Majaribio ya sindano kwa ganzi hizi mengi ni madogo na hayana kundi la kuigiza linaloaminika, kwa hiyo aziongeze anayetaka, lakini asiache dawa wala kudhibiti sukari kwa ajili ya sindano. Mwenye nyayo zisizohisi asichomwe sindano mguuni na mtu asiyemuuliza kwanza kuhusu vidonda na sukari.

Masikio yanayovuma

Hapa nitasema kwa ufupi kwa kuwa hakuna mengi ya kulinganisha. Mwongozo wa chama cha madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani, wa 2014, unashauri madaktari wasimwandikie mgonjwa dawa za sonona, za kifafa au za wasiwasi kwa lengo la kuzima mlio wenyewe, unakataa dawa ya mimea iitwayo ginkgo, na juu ya akupancha hautoi pendekezo lolote kwa sababu ushahidi hautoshi. Unachopendekeza ni ushauri wa kisaikolojia wa kubadili jinsi mtu anavyoupokea mlio huo, pamoja na vifaa vya kusikia kwa waliopungukiwa usikivu. Kabla ya kulipia chochote, angalia nta, na angalia dawa unazozimeza au ulizochomwa: kwinini, aspirini ya dozi kubwa, na streptomaisini ya kifua kikuu zote zaweza kuleta mlio, na ya mwisho yaweza kuondoa usikivu moja kwa moja. Sikio lililoziba ghafla usiku mmoja ni jambo jingine. Hilo lipelekwe haraka kwa daktari, maana dawa za jamii ya prednisoloni zina nafasi ndani ya wiki mbili za mwanzo.

Kifafa nakitaja kwa sababu kliniki nyingi huweka jina lake kwenye mabango. Hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakitumia dawa ipasavyo, na uchambuzi wa majaribio ya akupancha haukuona sababu ya kuitumia mahali pa dawa hizo. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika.

Usalama na namna ya kujaribu kwa haki

Akupancha iliyofanywa na aliyefunzwa ina hatari ndogo. Katika wagonjwa 229,230 waliofuatiliwa Ujerumani, asilimia 8.6 waliripoti angalau usumbufu mmoja, mara nyingi michubuko na maumivu, asilimia 2.2 walihitaji matibabu kwa ajili ya usumbufu huo, na wawili walitobolewa pafu. Takwimu hizo ni za madaktari wenye mafunzo katika nchi yenye usimamizi. Usizihamishie kwa kila anayetundika kibao. Ombeni muone pakiti ya sindano ikifunguliwa mbele yenu na sindano zikitupwa baada ya hapo, kwa sababu ya VVU na homa ya ini, na mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie mchomaji kabla hajavua shati.

Kwa kipandauso, ambapo uchaguzi uko wazi, anza na daftari. Andika kwa wiki nne siku zote za maumivu na kila kidonge ulichomeza, kabla ya tiba yoyote. Kisha chagua moja tu, sindano au dawa ya kuzuia, kwa wiki 8 hadi 12 huku ukiendelea kuandika, kwa kuwa anayeanza zote mbili wiki moja hatajua ipi imemsaidia na ataendelea kulipia zote. Siku zikipungua kwa nusu, hiyo ndiyo nafuu ambayo majaribio yote niliyoyataja kwa kipandauso yaliihesabu kuwa mafanikio. Zisipopungua, peleka daftari hilo kwa daktari na mjadili tiba ya pili, na fundi wa sindano anayekwambia uongeze vipindi vingine 20 mwonyeshe kurasa hizo hizo.